Kabla hujaomba radhi, angalia poti 25

Barua pepe za ofisi zilianza kurudi Jumatatu. Unatuma, dakika mbili nyingi, inarudi na namba 550 na maelezo kwamba anwani yetu ya IP, namba inayotutambulisha mtandaoni, imo kwenye orodha ya Spamhaus, shirika linaloorodhesha watumaji wa barua taka. Kwa haraka zangu nikaomba tuondolewe. Tukaondolewa. Kesho yake tumo tena.

Nilikuwa naomba radhi kwa kosa ambalo bado linatendeka ghorofani. Kompyuta zetu zote hapa Chumbageni hutoka nje kwa anwani moja, ile ya ruta. Huko nje hawajui nani ni nani.

Seva ya barua nikaikagua kutwa nzima, haina neno. Ndipo nikaweka sheria kwenye ruta: kompyuta yoyote isiyo seva ya barua ikijaribu kutoka kwa poti 25, irekodiwe. (Poti ni mlango wenye namba ambao huduma fulani hupitia. Wengine huiita bandari. Tanga ukisema bandari watu wanawaza meli.) Poti 25 ni ya seva za barua kupelekeana barua zenyewe, mtumiaji wa kawaida hutumia 587 au 465, kwenye 25 hana safari. Nikaenda kunywa chai, mahamri kwa mbaazi. Kurudi, mistari mamia, yote ya 192.168.1.47, anwani ya ndani ya kompyuta moja.

Sasa hiyo 47 imekaa meza gani? Ruta ikanipa MAC yake, namba ya kadi yake ya mtandao, na swichi, kisanduku kinachounganisha nyaya za kompyuta, ikasema MAC hiyo iko tundu la 14. Waya wa tundu la 14 unakwenda wapi, hakuna ajuaye. Nyaya zote za bluu, hazina hata kibandiko, na aliyezivuta ni mimi. Nikauchomoa, nikasubiri nani atapiga kelele.

"Mwanangu, mtandao umekata huku!" Mhasibu.

"Shikamoo mama. Hiyo kompyuta haikusumbui?"

"Marahaba. Nzima tu, nzito kidogo tangu nichomeke ile flashi."

Nikaipiga Windows upya kuua kirusi kilichokuwa kikituma barua taka, nenosiri la barua yake tukabadilisha, na poti 25 nikaifunga kwa wote isipokuwa seva. Hilo la kufunga lifanye leo, hata kama hujarudishiwa barua. Kuomba kuondolewa ngoja rekodi ikae kimya siku nzima.

Bosi naye kasikia habari za SDN, mtandao unaoongozwa kwa programu: maamuzi yanaondolewa kwenye kila swichi, yanawekwa kwenye kidhibiti kimoja, swichi zinabaki kutekeleza. OpenFlow, lugha ya kidhibiti kuziamuru swichi, ya mwaka 2008, iliyotoka Stanford, ndiyo iliyolipa wazo hilo umaarufu. Siipingi, ile 47 ningeitenga kwa amri moja nikiwa nimekaa. Ila kwa swichi tatu? Mwenye chuo cha majengo kumi aifikirie, na aanze na umeme. Kama umepanga swichi ziulize kidhibiti kila safari mpya ya data, kidhibiti kikizimika safari mpya hazipiti.

Nikamwomba bosi kwanza mashine ya kuchapa vibandiko. Kaninunulia plasta nyeupe na maka peni. Tundu la 14 sasa limeandikwa MHASIBU.