Jumapili L'Isle-sur-la-Sorgue: maswali yenu, na majibu ambayo wengine hamtayapenda

Tangu niandike kuhusu soko la Jumapili la L'Isle-sur-la-Sorgue, mji mdogo wa kando ya mto Sorgue, kama kilomita 25 mashariki ya Avignon, kusini mwa Ufaransa, maswali hayakatiki. Mengine ni mazuri. Mengine nimeshayajibu mpaka nimechoka, na leo nayajibu kwa mara ya mwisho.

Anti, tutakuwa Paris juma moja. Jumapili tunataka kuchukua treni ya alfajiri, tukodi gari Avignon, tuone Pont du Gard (lile daraja la kale la Kirumi), Gordes, Roussillon, soko la L'Isle-sur-la-Sorgue na chemchemi ya Fontaine-de-Vaucluse, usiku turudi Paris. Itawezekana? (Msomaji, Dar es Salaam)

Kuwezekana, itawezekana. Hata mwizi huweza kupita nyumba tano usiku mmoja, ila hakai kwenye kiti cha nyumba yoyote.

Tazama ramani kabla ya kupanga. Kutoka Paris hadi Avignon kwa TGV, treni ya kasi, ni kama saa mbili na dakika arobaini. Pont du Gard iko magharibi ya Avignon, hayo mengine yote yako mashariki. Mkianza na daraja, mtafika L'Isle saa saba mchana, wachuuzi wakiwa wanakunja miavuli na kufagia majani ya saladi barabarani. Mtapiga picha ya meza tupu, kisha mtaniandikia kwamba soko limesifiwa bure.

Jumapili ya mji kama huu ina mpangilio wake, na haumsubiri mgeni. Soko linachangamka tangu saa mbili asubuhi. Saa sita watu wanaanza kukaa mezani, na hawanyanyuki mpaka saa nane, pengine tisa. Baada ya hapo ni kutembea kando ya mto na kupitia maduka ya vitu vya kale. Ukiingia katikati ya mpangilio huo umeshakosa nusu yake.

Fanyeni hivi: Jumamosi laleni Avignon. Asubuhi pandeni treni ndogo ya mkoa kutoka stesheni ya Avignon Centre. Nasema Avignon Centre, si ile ya TGV iliyoko nje ya mji, na ninyi mnaochanganya hizo mbili kila mwezi mnanitesa. Safari ni kama nusu saa, na kutoka stesheni ya L'Isle mnatembea kwa miguu dakika chache tu mko sokoni. Mkiwa na gari, muwe mmeshaegesha kabla ya saa tatu asubuhi, la sivyo mtazunguka mpaka mgombane. Gordes na Roussillon ni vijiji vya kilimani, vizuri sana, vinastahili siku yao.

Je, maduka hufunguliwa Jumapili Ufaransa? (Wasomaji wengi mno)

Asubuhi, ya vyakula. Mchana, hapana.

Kwa wale watakaouliza tena wiki ijayo: Ufaransa ina sheria ya mapumziko ya Jumapili tangu 1906. Imelegezwa mara nyingi, lakini bado ipo. Maduka ya vyakula yanaruhusiwa kufungua mpaka saa saba mchana. Maeneo ya kitalii yana ruhusa yake, ndiyo maana maduka ya vitu vya kale ya L'Isle hufunguliwa Jumapili. Duka la dawa ni la zamu, kwa hiyo dawa za mtoto nunua Jumamosi. Mafuta ya gari utapata kwenye pampu za kujihudumia kwa kadi. Maji, mkate na nepi nunua mapema, usije ukakutwa mikono mitupu saa kumi jioni.

Tulikaa mgahawani kando ya mto saa nane na nusu mchana. Mhudumu akasema jiko limefungwa, ilhali meza za jirani watu walikuwa wanakula. Sisi tulikuwa Waafrika peke yetu. Huo si ubaguzi? (Kijana, Brussels)

Mimi si wakili wa Wafaransa kwenye mambo ya rangi. Tunaoishi huku tunayajua, hasa siku ya kutafuta nyumba ya kupanga. Lakini hili si hilo. Waliokuwa wanakula walikuwa wamemaliza sahani kubwa na wako kwenye jibini au kitinda mlo, na walikaa saa sita na nusu. Mpishi anapokea oda mpaka saa nane hivi, kisha anavua aproni. Angekuja meya saa nane na nusu angeambiwa vivyo hivyo, labda kwa tabasamu zaidi.

Tafuta kibao kilichoandikwa "service continu", maana yake jiko halizimwi mchana. Mara nyingi, kusema kweli, mahali hapo chakula chake ni cha kujaza tumbo tu. Dawa ni kupiga simu Ijumaa na kuweka meza. Chakula cha mchana cha Jumapili ni cha familia, bibi na wajukuu, na meza za kando ya maji huisha mapema.

Na kwa kuwa umekaa mezani, nikuongezee usiloniuliza: omba "une carafe d'eau". Ni maji ya bomba, ni salama, ni ya bure pamoja na chakula. Sielewi mtu anayelalamikia bei za Ufaransa huku amenunua chupa tatu za maji.

Sisi ni Waislamu, tuko watu sita pamoja na mama mkwe. Tutakula nini huko? (Bi. R., Muscat)

Hili ni swali la mtu anayefikiri kabla ya kusafiri. Nitalijibu kwa nafasi.

Migahawani, hatari si nyama unayoiona, bali ile iliyojificha. Vipande vidogo vya nguruwe hutupwa kwenye saladi, kwenye mayai, kwenye kishi (pai ya mayai), hata kwenye dengu, na menyu mara nyingine haitaji. Uliza "sans porc, sans lardons?" na usione haya kuuliza mara mbili. Daube, mchuzi wa ng'ombe unaosifiwa sana hapa Provence, yaani eneo hili la kusini, hulowekwa kwenye divai nyekundu usiku kucha na kupikwa nayo, kwa hiyo usidanganywe na neno ng'ombe. Samaki wa kuchoma ni salama zaidi, ila ulizia mchuzi wake, nao huweza kutiwa divai.

Ningekuwa ninyi ningekula sokoni. Jibini ya mbuzi, zeituni, nyanya za msimu, mkate wa moto, na matikiti madogo ya Cavaillon, mji jirani tu, yale ambayo ndani ni rangi ya chungwa. Tapenade ni zeituni zilizopondwa na kapari (vitumba vidogo vya maua, vichachu) na samaki wadogo wa chumvi. Tamu sana kwenye mkate, lakini wapo wanaotia tone la pombe kali, basi uliza. Kaeni chini ya miti kando ya maji, na mama mkwe mpeni kiti cha kukunja.

Onyo moja. Mtasikia harufu ya kuku wanaozunguka kwenye mashine, na chini yake viazi vinavyoiva kwa mafuta yanayodondoka. Inua kichwa utazame vyuma vya juu kabla ya kutoa pesa. Mara nyingi kuna mbavu za nguruwe zinazunguka hukohuko, na mafuta yanayodondokea viazi hayachagui. Kuku mwenyewe si halali pia, isipokuwa muuzaji amesema hivyo. Nyama halali tafuteni Avignon au Cavaillon, ambako kuna Wamorocco na Waaljeria wengi na mabucha yao.

Wachuuzi wa soko lile wana dharau. Nilishika tikiti nikaminya, mama akaninyang'anya. (Msomaji, Leicester)

Ulimsalimia?

Mswahili mzima, uliyelelewa kusalimia hata mlinzi wa geti, umekwenda kwenye meza ya mtu mzima ukaanza kuminya mali yake bila hata "bonjour". Angekunyang'anya Marikiti pia. Sema "bonjour, madame", ngoja zamu yako, useme unataka tikiti moja. Atakuuliza: la kula leo mchana, leo jioni, au kesho? Ukimjibu, atanyanyua moja, atalipima mkononi, atanusa kitako chake, ataangalia kikonyo kama kimeanza kuachia, halafu atalirudisha na kuchukua lingine. Hiyo ndiyo huduma yenyewe. Wewe ulikuwa unajinyima.

Nataka kununua fanicha za kale. Wanapunguza bei? Na nitajuaje si feki? (Mfanyabiashara, Nairobi)

Wanapunguza, kwa adabu. Ukitaja nusu ya bei kama uko Gikomba, mazungumzo yamekwisha. Ukilipa taslimu na kuchukua vitu viwili, utaondoka na nafuu ya kueleweka. Biashara hii hapa ilianza kwa maonyesho ya miaka ya 1960. Leo maonyesho makubwa ni Pasaka na katikati ya Agosti, mamia ya wauzaji wakijipanga kando ya maji. Jumapili za kawaida kuna mitumba barabarani na maduka yaliyokusanyika kwenye viwanda vya zamani. Kama hujui kutofautisha kabati la karne ya 18 na la 1950, nunua la 1950 kwa bei ya 1950, na udai risiti yenye maelezo ya kipindi.

Vinyago vilivyoandikwa "Congo" kwa bei ya kutisha uviache hapohapo. Vingi vilichongwa kwa ajili ya watalii, na vile vya kweli vina historia ya kuondoka nyumbani ambayo hutaipenda.

La muhimu zaidi, na hukuuliza: usiguse pembe za ndovu. Utaziona kwenye vishikio vya visu, kwenye vijisanamu, kwenye funguo za piano. Utaambiwa ni za zamani, zina ruhusa. Umoja wa Ulaya umeibana sana biashara hiyo, na Kenya ina sheria ya wanyamapori ya 2013 yenye adhabu kali. Maelezo ya muuzaji wa Jumapili hayatakusaidia kitu pale uwanja wa ndege wa JKIA.

Mto ule unaogeleka? (Wengi)

Maji ni nyuzi 12 au 13 mwaka mzima, Agosti pia. Tia mguu, kisha uniandikie.

Tulikwenda Fontaine-de-Vaucluse Agosti kuona chemchemi kubwa kuliko zote Ufaransa. Tukakuta dimbwi chini ya mwamba. Tumetapeliwa? (Familia, Lyon)

Mmekwenda wakati si wake. Maji hayo ni mvua na theluji iliyonywewa na milima ya chokaa ya Vaucluse na Ventoux, ikapita chini kwa chini mpaka hapo. Kiangazi kiwango hushuka ndani ya shimo, na mto huanzia chini kidogo, kati ya mawe. Nendeni mwezi Machi au Aprili, au baada ya mvua kubwa za Oktoba na Novemba, maji yanapofurika ukingo wa shimo na kuporomoka kwa mngurumo.

Na dimbwi mnalolidharau si dimbwi. Mwaka 1946 mpiga mbizi maarufu Jacques-Yves Cousteau na mwenzake walizama humo kutafuta kina, wakanusurika kufa. Chini palifikiwa mwaka 1985 na roboti: mita 308. Mshairi wa Kiitaliano Petrarca aliishi kando yake karne ya 14, tena miaka mingi, bila kulalamika.

Kutoka hapo hadi L'Isle watu hushuka kwa mitumbwi ya kukodi, kama kilomita nane. Haina ugumu. Watoto lazima wajue kuogelea, na nguo za kubadili ziwe kwenye mfuko usiopitisha maji.

Yale magurudumu ya maji yenye majani yanafanya kazi gani? (Mwalimu, Kigoma)

Leo yanazunguka tu. Zamani yaliendesha mashine za sufu na hariri, yakasaga nafaka na kukamua mafuta. Yalikuwa mengi, yamebaki kumi na kadhaa. Faida ya mto huu ni kwamba chemchemi yake haikauki, basi kiwanda hakikulala hata jua likiwaka. Nyumba moja ya sufu, Brun de Vian-Tiran, iko mjini tangu 1808 na bado inafuma mablanketi.

Majani yaliyoyafunika ni kuvumwani, mazito kama zulia lililoloa, na yanachuruzika muda wote, kwa hiyo simu yako iweke mbali unapoegemea ukuta. Kwenye maji uangalie pia zile boti bapa wanazosukuma kwa upondo wakiwa wamesimama. Wewe wa Kigoma utaona mara moja nani amezaliwa nazo na nani anajionyesha kwa watalii.

Mume wangu hapendi masoko. (Msomaji, Mombasa)

Mwache kanisani. Notre-Dame-des-Anges kwa nje ni ukuta tu; ndani ni dhahabu na malaika mpaka darini. Akitoka hapo aende Place de la Juiverie. Eneo hili lilikuwa mali ya Papa mpaka 1791, na Wayahudi waliofukuzwa Ufaransa waliruhusiwa kuishi hapa, katika mtaa uliofungwa, chini ya masharti mazito. Watalii wengi wanavuka kiwanja hicho wakila aiskrimu, hawajui.

Treni ya mwisho ya kurudi Avignon ni saa ngapi? (Wengi, tena na tena)

Ratiba hubadilika, na Jumapili treni ni chache, siku ya mgomo ni chache zaidi. Itazame asubuhi hiyohiyo kwenye ubao wa stesheni, kabla hujatoka nje kwenda sokoni, na upange kupanda ile ya kabla ya mwisho.