Maswali ya Wasomaji: Nisome Fizikia au Uhandisi?

SWALI: Shikamoo mshauri. Mimi ni binti wa Ujiji, nimemaliza kidato cha sita katika shule moja ya Tabora kwa tahasusi ya PCM (fizikia, kemia na hisabati), na somo nililolipenda kupita yote ni fizikia. Baba yangu, ambaye ni fundi wa injini za boti, anataka nisome uhandisi mitambo, kwa kuwa anaona reli ya kisasa inajengwa kutoka Tabora kuja Kigoma na mradi wa umeme wa Malagarasi nao upo, na anaamini kazi hazitakosekana. Mwalimu wangu wa fizikia anasema nikienda uhandisi nitakipa kisogo kile ninachokipenda. Je, nikisoma fizikia ninaweza kugeukia uhandisi baadaye? Na nitajuaje kipi kinanifaa?
Msomaji, Ujiji, Kigoma

JIBU: Marahaba, binti yangu. Nianze na swali lako la kwanza, kwa sababu vijana wengi hulijua jibu lake wakiwa wameshachelewa. Hapa Tanzania uhandisi ni taaluma inayosimamiwa kwa sheria. Ili ufanye kazi kama mhandisi na ubebe dhamana ya daraja au mtambo, ni lazima usajiliwe na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na msingi wa usajili huo ni shahada ya uhandisi inayotambuliwa. Ukishahitimu unapitia mafunzo ya kazi chini ya wahandisi wenye uzoefu, kwa kawaida miaka mitatu, ndipo unaomba kusajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu. Shahada ya fizikia, hata iwe ya daraja la kwanza, haikuingizi katika njia hiyo, na atakayetaka kugeuka atajikuta anaanza karibu upya.

Upande wa pili hali ni nafuu zaidi. Aliyesoma uhandisi na kuiva katika hisabati anaweza kuomba shahada ya uzamili ya fizikia, ingawa atalazimika kufidia masomo kadhaa, hasa mekanika ya kwanta, yaani fizikia ya vitu vidogo kama atomu. Paul Dirac, mmoja wa wanafizikia wakubwa wa karne ya 20, alihitimu uhandisi umeme huko Bristol, Uingereza, mwaka 1921, akakosa kazi, akaingia katika hisabati, na mwaka 1933 akapata Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Simtaji ili uone kwamba jambo hilo ni jepesi; namtaja ili ujue kwamba mlango huo upo, na kwamba milango hii miwili haifunguki kwa wepesi ulio sawa.

Hata hivyo, nisingependa uchague uhandisi kwa sababu hiyo peke yake, kwani miaka minne ni mingi mno kwa mtu ambaye moyo wake uko kwingine. Swali lako la pili ndilo zito, na mifano ya kulijibu unayo hapo hapo Kigoma.

Litazame ziwa. Kina cha Tanganyika kinafikia takriban mita 1,470, na maji yake hayachanganyiki yote. Ya juu yana joto la nyuzi 25 hadi 27 hivi, ya chini kabisa nyuzi 23 na ushei, na tofauti hiyo ndogo inatosha kuyafanya maji ya chini yabaki huko huko, bila oksijeni, miaka nenda miaka rudi. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini huyasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na mpaka ulio kati ya tabaka la joto na la baridi huinama. Upepo ukitulia, mpaka huo huanza kuyumba kama maji katika beseni lililotikiswa, isipokuwa kwamba yumbo moja huchukua takriban mwezi mzima, na mvuvi aliye juu hana dalili yoyote ya kinachoendelea chini yake. Kuinama na kuyumba huko husaidia kupandisha virutubisho, na virutubisho hivyo ndivyo vinavyolisha viumbe vidogo wanavyovitegemea dagaa na migebuka. Kwa nini basi ichukue mwezi na si siku moja? Kwa sababu uzito wa maji ya juu na ya chini unatofautiana kidogo sana, hivyo nguvu inayourudisha mpaka mahali pake ni hafifu, wimbi linakwenda polepole, na ziwa lina urefu wa zaidi ya kilomita 650. Kama maelezo haya yamekufanya utake kuchukua kalamu na kuukokotoa mwenyewe muda wa yumbo hilo, basi una hulka ya mwanafizikia.

Sasa itazame MV Liemba, ile meli kongwe ya ziwa hilo. Ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa na kuunganishwa Kigoma mwaka 1915. Mwaka uliofuata, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isitekwe, lakini kabla ya kufanya hivyo waliipaka mitambo yake grisi nzito ili maji yasiile. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, wakakuta injini bado zinafaa, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini. Kwa nini meli huelea, waopoaji walikuwa wanajua. Walichopaswa kukitafuta ni namna ya kuiinua, kipi kitengenezwe na kipi kiachwe, na yote hayo kwa vifaa na fedha zilizopo. Msomee baba yako habari ya ile grisi, nina hakika ataielewa kuliko sisi sote. Kama wewe nawe imekusisimua kuliko habari ya wimbi, nenda kasome uhandisi bila kusita.

Kuhusu reli, hoja ya baba ina uzito, ila ipangwe vizuri. Ujenzi unafanyika sasa, na wewe utahitimu baada ya miaka minne. Kazi itakayodumu ni ya kuendesha na kutunza treni za umeme, mifumo ya ishara na njia za kusafirishia umeme, na vivyo hivyo kwa Malagarasi na megawati zake 49.5. Kwa binti anayependa fizikia, uhandisi umeme ungekuwa karibu zaidi na moyo wake kuliko mitambo, kwani unaigusa sumakuumeme kila siku.

Ukichagua fizikia, ichague ukiwa umejipanga kuendelea baada ya ile miaka mitatu ya shahada ya kwanza. Kigali, ambako si mbali na kwenu, kuna taasisi ya Afrika Mashariki ya utafiti wa msingi wa sayansi iliyoanzishwa mwaka 2018 kwa ushirikiano na kituo cha kimataifa cha fizikia cha Trieste, Italia, kile alichokianzisha mwanafizikia wa Pakistan, Abdus Salam, mwaka 1964 kwa ajili ya wanasayansi wa nchi kama yetu. Kituo hicho cha Trieste kina stashahada ya mwaka mmoja kwa wahitimu wanaojiandaa kwa masomo ya juu, na kinawagharimia.

SWALI: Kijana wangu amepata nafasi ya kusoma fizikia chuo kikuu, lakini jamaa wananiambia ataishia kufundisha. Ni kweli?
Mzazi, Urambo, Tabora

JIBU: Si kweli, ndugu mzazi, na hata angefundisha angekuwa anafanya kazi ambayo shule zetu zinaihitaji mno. Katika hospitali zinazotibu saratani kwa mionzi, kama Ocean Road, kabla mgonjwa hajalala chini ya mashine ni lazima mwanafizikia tiba awe amepima na kuthibitisha kiasi cha mionzi kitakachotoka, kwa kuwa kikizidi kinadhuru na kikipungua hakitibu. Kazi hiyo huhitaji masomo zaidi ya shahada ya kwanza. Wanafizikia wapo pia katika Tume ya Nguvu za Atomu na katika Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Angalizo moja: kama kijana mwenyewe anapenda ualimu, shahada ya fizikia tupu haimfanyi kuwa mwalimu. Atahitaji shahada ya sayansi na elimu, au stashahada ya uzamili ya elimu baada ya kuhitimu. Hakikisheni jina kamili la programu aliyopangiwa kabla hajathibitisha udahili wake.