Katapila kuukuu linapotoa moshi: ya kujua kabla hujashika spana

Ninyi mlioingia kazini msimu huu kwenye gereji za Mafinga, Makambako na Uyole, katapila kuukuu mtakutana nalo mapema. Huku kwetu yapo mengi. Yanachonga barabara za kutolea magogo Mufindi, yanang'oa visiki, yanachimba malambo, na mengine yamewazidi umri maopareta wake. Mwenye mashine atapiga simu na kusema neno moja tu: "Fundi, linatoa moshi." Kabla hujataja bei wala hujapanda bodaboda, muulize mambo matatu. Moshi una rangi gani? Unatoka wakati gani? Na nani aliishika injini mara ya mwisho?

Rangi ndiyo rahisi. Mweusi, dizeli imezidi hewa. Mweupe, dizeli imepita bila kuungua, au ni maji. Wa bluu, oili inaungua. Hayo mmeyasoma VETA na ni kweli, ila rangi peke yake imewafungulisha watu injini nzima kwa tatizo la chujio la hewa. Mimi naliamini zaidi swali la pili. Moshi mweupe wa alfajiri unaokata injini ikipata moto, na moshi mweupe unaoendelea mchana mashine ikiwa kwenye mzigo, ni vitu viwili tofauti kabisa, na ule wa kwanza mara nyingi si ugonjwa.

Nianze na huo mweupe, maana ndio unaowapoteza wageni wa nyanda za juu. Injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Inategemea hewa iliyobanwa ndani ya silinda ipate joto la kutosha kuwasha dizeli. Sasa fikiria mwezi wa sita au wa saba, Njombe au Makete, chuma kimelala kwenye baridi usiku kucha. Hewa inayoingia ni ya baridi, kuta za silinda zinanyonya joto lote, dizeli inapuliziwa na nyingine haiwaki. Inatoka bombani nyeupe, inachoma macho. Injini yenye ringi (pete za pistoni) zilizochoka itaendelea hivyo kwa muda mrefu kuliko mpya, lakini ikishapata joto inatulia. Hapo usifungue kitu. Iwashe, iache ingurume kwa mwendo uliopanda kidogo bila kuipiga resi, kisha ipe kazi nyepesi. Na yule opareta anayelowesha kitambaa petroli na kukiweka kwenye njia ya hewa ili iwake haraka, mkataze. Petroli inalipuka kabla ya wakati wake, na ringi ndizo zinazolipa.

Waliotengeneza makatapila ya zamani walilijua jambo hili la baridi. Caterpillar D7 na D8 za miaka ya 1950 zilikuwa na injini ndogo ya petroli ya kuzungushia ile kubwa, na maji ya kupooza yalizunguka kote kuwili. Ukiiacha ndogo ingurume kwanza, kubwa inapata uvuguvugu kabla haijaonja dizeli. Ukikuta mashine ya namna hiyo ambayo injini ndogo imeng'olewa ikawekwa stata ya umeme, tegemea moshi mzito wa asubuhi, na usikimbilie kulaumu nozeli zinazopulizia dizeli kwenye silinda.

Sasa kuna jambo linaloniudhi, nalo ni thamostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Mafundi wengi huitoa na kuitupa wakiamini wanaizuia injini isichemke. Matokeo yake, kwenye baridi ya Mufindi injini haifiki hata nyuzi 80, inashinda ikitoa moshi mweupe, dizeli isiyoungua inaosha oili kwenye kuta za silinda na kuteremka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Oili inakuwa nyepesi, ringi zinalika, na mwaka unaofuata moshi umegeuka wa bluu. Kuijua ni rahisi: washa injini ikiwa baridi, shika bomba la juu la rejeta. Kama thamostati ipo, bomba litabaki baridi kwa muda, halafu litapata moto kwa mara moja. Kama haipo, litapanda joto polepole tangu mwanzo. Na kuchemka kwenyewe kunakowatia watu hofu mara nyingi kunatokana na mfuniko wa rejeta. Mafinga iko kama mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na maji ya wazi huku yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Mfuniko usiobana unayaacha yachemke mapema. Nunua mfuniko, rudisha thamostati.

Moshi mweupe ukiendelea wakati injini ina moto, tafuta silinda inayohusika. Kwenye injini hizi za zamani, iache ingurume taratibu, kisha legeza kidogo nati ya bomba la dizeli linaloingia kwenye nozeli ya kwanza. Mngurumo ukibadilika na injini ikatetemeka, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Kaza, nenda ya pili. Utakapofika kwenye ile ambayo ukilegeza hakibadiliki chochote, au moshi unakata, umeipata. Vaa glovu na miwani, weka kitambaa. Usithubutu kufanya hivi kwenye injini mpya za komoni reli, zenye bomba moja la presha linalolisha nozeli zote, maana presha yake inatoboa ngozi na dizeli ikiingia mwilini ni hospitali moja kwa moja. Ukishaipata silinda, hamisha nozeli yake uiweke kwa jirani. Tatizo likihama nayo, ni nozeli. Likibaki palepale, una valvu, ringi au gasketi ya silinda hedi ya kushughulikia.

Kama una wasiwasi na maji, kuna kazi ya asubuhi ambayo haigharimu hata shilingi. Mashine ikiwa imelala usiku mzima, usiiwashe. Legeza plagi ya kumwagia oili polepole mpaka ianze kudondosha. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo kama yapo yatatangulia. Angalia pia dipstiki na mfuniko wa kujazia oili: oili ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, gasketi, slivu (ganda la ndani la silinda) au kipoza oili kinavujisha. Ikiwa iko safi lakini rejeta inatoa mapovu mfululizo injini ikiwa kazini, gesi ya silinda inaingia kwenye maji.

Msisahau dizeli yenyewe. Kambi za msituni huhifadhi dizeli kwenye mapipa yaliyosimamishwa mvuani, maji yanatuama juu ya pipa na kupenya kwenye kifuniko. Lazeni pipa ubavu, na kila asubuhi mwageni kidogo kutoka chini ya tangi kabla ya kuwasha. Uchakachuaji wa mafuta ya taa umepungua tangu serikali ilipopandisha ushuru wake mwaka 2011, ila maji hayana ushuru.

Moshi mweusi nitausema kwa ufupi zaidi. Kwanza, jua uko wapi. Kwenye mita 1,900 presha ya hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko pwani. Katapila lisilo na tabo (feni ya kusukumia hewa kwenye injini), lililorekebishiwa pampu Dar es Salaam, likipandishwa Njombe litapuliziwa dizeli ileile kwa hewa pungufu, na litatoa moshi mweusi hata kama halina ubovu wowote. Tiba yake ni kupunguza dizeli kwenye pampu, kwa mtu mwenye mashine ya kupimia, na mwenye mali akubali kwamba nguvu itashuka. Wengine hufanya kinyume. Wakiona nguvu imepungua wanakata sili ya pampu na kuzungusha skrubu kuongeza dizeli. Ndiyo maana swali langu la tatu ni nani aliishika mara ya mwisho. Sili iliyokatwa inakujibu hata kama opareta amenyamaza.

Baada ya hapo ni chujio. Kiangazi cha huku, kuanzia mwezi wa sita hadi wa kumi, ni vumbi jekundu na sindano za misonobari zinazojaa kwenye kichujio cha awali. Chujio la karatasi lisipigwe kwenye tairi. Karatasi inapasuka na vumbi linaingia moja kwa moja kwenye silinda. Lipulizwe kutoka ndani kwenda nje, kwa hewa isiyozidi psi 30, kisha liangaliwe kwa taa iliyowekwa ndani. Chungulia pia mabomba ya hewa: panya hujenga humo mashine ikisimama miezi miwili. Na kabla ya kumaliza upande wa injini, tazama chini. Cheni iliyokazwa kupita kiasi, au breki inayoshika upande mmoja, inaibebesha injini mzigo wa bure, na moshi mweusi utauona kila inapokata kona. Opareta anayezamisha bledi yote kwenye ardhi ngumu naye ni chanzo cha moshi, ila huyo hafunguliwi kwa spana.

Wa bluu unahitaji utulivu, kwa sababu ndio unaowauzia watu ovaholi wasizohitaji. Makatapila mengi ya zamani yana chujio la hewa la kuogea oili: hewa inapita kwenye bakuli la oili na vumbi linanasa humo. Bakuli lina mstari wa kiwango. Kibarua akijaza juu ya mstari, au mashine ikifanya kazi kwenye mteremko mkali kama ule wa Tukuyu, injini inaivuta oili na kutoa moshi wa bluu mzito. Fungua bakuli kwanza, kabla ya kutamka neno ringi. Hapa kuna hatari pia. Injini ikianza kuvuta oili nyingi inaweza kukimbia yenyewe, na kuzima dizeli hakutaisimamisha. Kinachoizima ni kuiziba hewa. Unapojaribu mashine usiyoijua, weka karibu kipande cha ubao kinachotosha kufunika mdomo wa njia ya hewa. Usitumie kiganja.

Bakuli likiwa sawa, rudi kwenye swali la wakati gani. Moshi wa bluu unaotoka ghafla baada ya mashine kunguruma muda mrefu bila kazi, kisha ukapungua, unaelekeza kwenye gaidi za valvu (bomba ambamo shina la valvu hupanda na kushuka) au sili za tabo. Toa bomba linaloingia kwenye tabo na ulipapase ndani, ukishika oili na feni ya tabo ikicheza, umeshapata jibu. Moshi unaozidi kadiri mzigo unavyozidi unaelekeza kwenye ringi na slivu. Thibitisha kwenye breza, njia ya injini kupumulia: injini ikiwa na moto, fungua mfuniko wa kujazia oili. Mvuke mwepesi ni kawaida kwa injini ya umri huo. Ikipumua kwa nguvu kwa mapigo, gesi inapita pembeni ya pistoni.

Hata hapo, usimwambie mwenye mashine afungue injini siku hiyohiyo. Mwambie opareta apime oili kila asubuhi mashine ikiwa mahali tambarare, aandike lita anazoongeza pamoja na saa za mita. Ikiwa inawaka vizuri asubuhi, nguvu ipo na oili inayoliwa haiongezeki wiki hadi wiki, inaweza kumaliza kiangazi ikifanya kazi, na ifunguliwe mvua zitakapofunga barabara za msituni. Ikiwa inawaka kwa shida na breza inapuliza, mwambie aisimamishe. Kwa vyovyote vile, namba ya injini ya kuagizia slivu, ringi na gasketi ichukuliwe kwenye kibao chake sasa hivi, kwa picha ya simu, kwa sababu injini hizi zimebadilishwa mara nyingi na iliyomo ndani si lazima iwe ile iliyoandikwa kwenye bodi.