Musomi wa hesabu ameponya nani?

SWALI: Jambo Yaya. Niko namaliza masomo ya afya ya jamii hapa Goma, memware yangu iko juu ya Ira Longini, yule Mumarekani wa statistiki na epidemiolojia wa University of Florida. Nimehesabu makala zake na mara ngapi wasomi wengine wamezitaja, nimejaza tablo tatu. Papa akasoma, akaniuliza: «Sasa huyu mutu ameponya nani?» Nikakosa jibu. Nifanye je?
Mwanafunzi, Katindo

JIBU: Mudogo wangu, shukuru Papa, juu swali lake njo memware yenyewe. Kuhesabu kutajwa si kosa. Musomi akiwa na h (namba ya kupima kutajwa) ya 40, maana yake ana makala 40 ambazo kila moja imetajwa mara 40 ao zaidi, hiyo inaonyesha wenzake wanamusoma, basi. Haionyeshi kama kuna mutu amelala salama usiku juu ya kazi yake.

Kumbuka mwezi wa 7 mwaka 2019, ule mchungaji aliyefika hapa na basi akitoka Butembo akiwa na Ebola. Muji wote uliogopa, kila mulango ndoo ya maji na klori, mikono ilikuwa inanuka klori mpaka kwenye fufu. Na watu walikasirika sana, jirani anachanjwa wewe hapana, mama mumoja wa kwetu aliniuliza karibu analia kama watoto wake si watu. Nilikosa cha kumujibu, leo ningemujibu hivi: chanjo haikuwa ya kutosha watu wote, na Ebola inapita kwa kugusana, kwa hiyo unamuzungushia mugonjwa duara, unachanja wale waliokutana naye, abiria wa lile basi wamo, kisha unachanja na wale waliokutana na hao. Ukuta wa watu. Yule mama alikuwa nje ya duara, na duara hiyo ilikuwa inamukinga hata yeye.

Sasa nani alijua kama duara inafanya kazi? Hapo njo Longini anaingia. Guinea, 2015, yeye ni mumoja wa wale walioipanga ile majaribio ya chanjo ya Ebola kwa duara. Shida yao ilikuwa nzito: ugonjwa ulikuwa umeanza kupungua, hawakuwa na nafasi ya kungoja miaka, na ni nani angekubali kupigwa maji matupu wakati ndugu yake amekufa jana? Wakapiga kura ya bahati kujua nani anachanjwa kwanza, lakini hawakuipiga kwa mutu mumoja mumoja, waliipiga kwa duara nzima: duara hii inachanjwa leo, ile kisha siku 21, ambazo njo siku za mwisho virusi inaweza kujificha mwilini mbele ugonjwa uonekane. Hivyo familia haigawanywe katikati, na kila duara mwishowe inaipata. Wakahesabu wagonjwa kuanzia siku ya 10: kati ya waliochanjwa kwenye duara za leo 0, kwenye duara za kungoja 16. Mimi ile 0 bado inanigusa.

Kisha fuata njia mpaka kwetu. Mwezi wa 4 mwaka 2017 washauri wa OMS, shirika la afya la dunia, wakasema Ebola ikirudi, chanjo hiyo itumiwe kwa duara. Mwezi wa 8 mwaka 2018 Ebola ikatangazwa huku kwetu Kivu ya Kaskazini, watu zaidi ya 300,000 wakachanjwa mpaka ilipoisha mwezi wa 6 mwaka 2020. Ile fomu ya kusaini kabla ya sindano, watu wengi waliiogopa, ilikuwepo juu chanjo ilikuwa bado haijapata ruhusa ya kuuzwa, ilipata mwisho wa 2019.

Lakini usimubebeshe Longini yote. Jina la kwanza kwenye makala ya Guinea ni Ana Maria Henao-Restrepo wa OMS, na duara yenyewe ni ya zamani, William Foege aliitumia Nigeria mwaka 1966 kwa ndui. Hata Goma si chanjo peke yake iliyotuokoa, kuna wale vijana waliotembea nyumba kwa nyumba kutafuta waliokutana na mugonjwa, wengine wakitupiwa mawe.

Na kama una nafasi, weka kipindupindu, sisi watu wa ziwa tunaijua. Mwaka 2007 yeye na wenzake walionyesha kwa mahesabu ya Bangladesh kwamba nusu ya watu wakinywa chanjo, ugonjwa unaweza kupungua kwa asilimia 93, maana wasiokunywa nao wanakingwa.

Basi rudi kwa direkteri wako na mupango huo: makala, kisha uamuzi, kisha sindano, kisha mutu. Tafuta wawili watatu waliochanjwa, omba ruhusa kwanza, waulize waliambiwa nini siku ile. Zile tablo tatu usizitupe, zipeleke kwenye aneksi.