Vijana, acheni kuisingizia sensa ya oksijeni

Juzi kijana wetu wa gereji kaing'oa tena sensa ya oksijeni, kile kifaa cha kwenye egzosi kinachoonja moshi na kuitaarifu kompyuta ya injini. Toyota Noah ya zamani, ile yenye injini ya 3S chini ya viti vya mbele. Hata mita hajaiwasha, kashamwagiza mwenye gari akanunue mpya. Basi naandika, maana kusema nimechoka.

1. Joto kwanza. Sensa ya zirkonia, hii ya kawaida, haisemi la maana mpaka ifike nyuzi 300 na zaidi. Ikishapata moto inatakiwa icheze kati ya volti 0.1 na 0.9, inapita 0.45 kwenda na kurudi. Tumia mita ya dijitali, ile taa yako ya kupimia iache kwenye boksi.

2. Volti ya juu mafuta mengi, ya chini hewa nyingi. Hilo mnaliimba wote, halafu ikiganda 0.1 mnasema imekufa. Ndugu zangu, inapima oksijeni iliyomo kwenye moshi, basi. Plagi moja ikimisi, yaani isipochoma, hewa ya silinda ile inatoka haijatumika, na sensa itasema hewa nyingi huku gari linanuka petroli mpaka barabarani. Haijadanganya.

3. Egzosi. Hapa niacheni niseme yangu. Mama mmoja aliniletea Noah ya kubebea wanafunzi, inakula mafuta. Mita 0.1, imeganda. Nikamwambia sensa. Akanunua, ikaganda palepale. Nikasema kauziwa feki, akaenda kugombana na muuza spea wa watu. Ya pili, hivyohivyo. Nikasafisha nozeli. Nikaishuku kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, nikaazima ya gari lingine, wapi! Mama wa watu kila jioni anauliza kwa upole, "Fundi, bado?" Upole ule uliniumiza kuliko matusi.

Siku moja gari likalala gerejini, tukaliwasha alfajiri. Mzee mchomelea mabomba wa jirani, ambaye mita hajawahi kuishika, akauliza: "Hiyo tk-tk-tk mmeiacha makusudi?" Gasketi ya manifoldi, pale egzosi inapoungana na injini, ilikuwa imeungua upande mmoja. Chuma kikipata moto kinatanuka, mlio unapotea, nami siku zote nilikuwa nasikiliza injini ikiwa moto. Moshi hutoka kwa mapigo. Kati ya pigo na pigo, ufa ule ulikuwa unavuta hewa ya nje. Sensa inaiona oksijeni, inatoa taarifa, kompyuta inaongeza mafuta. Yule mama alikuwa ananunua petroli ya kutibu ugonjwa ambao injini haikuwa nao. Sensa zote mbili nilimlipa. Muuza spea hadi leo ananipa bei ya mgeni.

Kwa hiyo: injini ikiwa baridi, iwashe, ziba mdomo wa bomba la moshi kidogo kwa tambara zito na usikilize, kisha maji ya sabuni kwenye maungio yaliyo kabla ya sensa.

4. Ichokoze kabla ya kuihukumu. Puliza dawa ya kusafishia kabureta kidogo kwenye njia ya hewa, ipande kupita 0.8, chomoa mpira mmoja wa vakyumu, ishuke. Ikitii haraka pande zote mbili, irudishie plagi ya waya wake uendelee kutafuta. Mjumbe hauawi.

5. Silikoni ya tyubu mnayopaka kila mahali kama siagi: ile ya kawaida mvuke wake unaiua sensa.

6. Toyota za zamani ukiunganisha TE1 na E1, matundu mawili ya kwenye soketi ya kupimia, unapata kodi, yaani namba za hitilafu: 21 ni sensa au waya wake, 25 hewa nyingi, 26 mafuta mengi. Mnaona 25 mnakimbilia duka la spea. Kwa nini?

7. Zipo injini za Toyota za baadaye zenye sensa ya A/F, yaani ya uwiano wa hewa na mafuta. Hiyo kwenye mchanganyiko sawasawa inasimama karibu na volti 3.3, na kusoma kwake ni kinyume: ikipanda ni hewa nyingi. Mashine nyingine za kupimia zinaigawa kwa tano, zinakuonyesha 0.66. Ukiikuta imetulia hapo, usinipigie simu usiku kwamba imeganda.