Barua kwa mwanangu: kuhusu ile Camry isiyo na taito

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara mbili jana usiku nilipotoka zamu. Unasema umepata Toyota Camry ya mwaka 1999 hapo Houston, injini haitoi moshi, gia zinaingia vizuri, na muuzaji anataka dola 2,200 taslimu. Kasoro ni moja tu: taito, yaani hati ya umiliki, haipo. Anasema ilipotea alipohama nyumba, lakini yuko tayari kukuandikia karatasi ya mauziano mtie sahihi wote wawili. Rafiki yako naye amekwambia zipo njia za kuandikisha gari la namna hiyo kupitia jimbo la Vermont. Ukamaliza kwa kuniuliza, "Mama, nichukue?"

Usichukue bado, baba. Gari lenyewe huenda ni zima kama unavyosema, na najua umechoka kuomba lifti kwenda kazini. Lakini kabla sijakueleza cha kufanya, lipo jambo nililokuficha tangu ukiwa mdogo.

Unaikumbuka ile Honda Accord ya kijani? Ilikuwa ya mwaka 1992, na ulipenda kukaa nyuma ya kiti changu ukichora kwenye kioo kikiwa na ukungu. Mwaka 2007, ukiwa na miaka mitano, siku moja haikuwepo tena nikakuambia imeharibika, fundi ameichukua. Haikuharibika.

Niliinunua kwa dola 1,400 kwa mtu aliyeniambia maneno yale yale unayoambiwa wewe leo. Taito imepotea katika kuhama. Alikuja na mkewe na watoto, akanipa funguo mbili, akaniandikia karatasi kwa mkono wake akatia sahihi. Zile funguo mbili ndizo zilizonipa imani. Nilipokwenda ofisi ya kodi ya kaunti kuliandikisha, karani akatazama kompyuta yake, akaniambia kwa upole kwamba mwenye gari kwenye kumbukumbu si yule aliyeniandikia karatasi, na kwamba gari lina rehani. Mwenyewe alikopa pesa akaiacha taito kwa mkopeshaji. Haikupotea hata siku moja. Ilikuwa kabatini kwa mtu anayedai.

Nikampigia muuzaji, simu imezimwa. Nikaendelea kuliendesha, maana zamu yangu ilianza saa kumi na mbili asubuhi na basi la kwanza halikunifikisha kwa wakati. Wiki ya sita nikatoka alfajiri, nikakuta mahali pa gari patupu. Nikaita polisi nikijua nimeibiwa. Askari akaulizia kwa simu, akaniambia halikuibwa, limechukuliwa na mwenye rehani, na kwamba sheria ya Texas inamruhusu kulichukua bila kwenda mahakamani ilimradi hakuzua fujo. Kiti chako kilikuwa ndani. Kiti walinirudishia baadaye. Dola 1,400 sikuziona tena, na kwa miezi minane nilikuamsha saa kumi usiku nikupeleke kwa jirani ili niwahi basi.

Ndiyo sababu neno "imepotea" silikubali kirahisi. Taito ndiyo ile ambayo Wakenya wanaiita logibuku na Watanzania kadi ya gari. Karatasi ya mauziano inathibitisha kwamba ulimpa mtu pesa. Haithibitishi kwamba alikuwa na haki ya kukuuzia. Kama gari liliibwa, hata ulinunue kwa nia njema na ulipe bei kamili, polisi watalichukua lirudi kwa mwenyewe au kwa kampuni ya bima iliyomlipa, na wewe utabaki unamtafuta muuzaji.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo penye jibu lako. Texas mtu aliyepoteza taito yake kweli hana shida kubwa. Anajaza fomu inayoitwa VTR-34, anabeba kitambulisho chenye picha, anakwenda ofisi ya kanda ya TxDMV, idara ya magari ya jimbo la Texas, analipa dola 5.45, anapewa nakala rasmi. Akipeleka maombi kwa posta ni dola 2. Nakala hiyo haipewi mtu yeyote tu. Anayeruhusiwa kuiomba ni mwenye jina kwenye kumbukumbu, au mwenye rehani kama rehani ipo. Kwa hiyo mwambie muuzaji hivi: "Nitakupeleka mimi, ada nitalipa mimi, na ukitoka na nakala mkononi nitakupa dola 2,200 zako siku hiyo hiyo." Mtu mwenye gari lake atashukuru, kwa sababu gari lenye hati hata yeye angeliuza kwa bei nzuri zaidi. Anayekataa msaada huo, sababu yoyote atakayokupa, amekujibu.

Anaweza kukuambia yeye mwenyewe alilinunua kwa mtu mwingine na hakuwahi kubadilisha jina. Au akatoa taito ya mtu wa tatu ambayo nyuma imetiwa sahihi, nafasi ya mnunuzi ikiwa wazi, akakuomba uandike jina lako kana kwamba yeye hayupo kabisa. Usifanye hivyo. Ni kinyume cha sheria, na wanaofanya hivyo mara nyingi ni madalali wanaouza magari bila leseni na bila kulipa kodi. Likitokea tatizo, karatasi itaonyesha umeuziana na mtu ambaye hujawahi kumwona. Dawa yake ni kumtafuta yule mwenye jina. Akipatikana, fomu ni ile ile na dola ni zile zile.

Kabla ya hayo yote, nenda kwenye gari ukaitazame namba ya chesi. Haikugharimu kitu. Magari ya kuanzia modeli ya mwaka 1981 yana namba ya tarakimu na herufi 17, na ndani yake hazitumiki kabisa herufi I, O wala Q, ili zisichanganywe na 1 na 0. Simama nje upande wa dereva, chungulia kupitia kioo cha mbele, utaiona pembeni mwa dashibodi. Kisha fungua mlango wa dereva, ulinganishe na ile ya kwenye stika ya fremu ya mlango. Ya kumi kwenda kulia inaonyesha mwaka wa modeli. Kwa gari la 1999 lazima iwe X. Ukikuta kitu kingine, au ukaona kibati kimebanduliwa na kurudishwa, ondoka hapo na usibishane na mtu.

Ukishaiandika, iingize kwenye VINCheck, ukurasa wa mtandaoni wa NICB, shirika la kampuni za bima linalopambana na wizi wa magari. Ni bure, na unaruhusiwa kutafuta mara tano ndani ya saa 24. Itakuambia kama kampuni ya bima iliyo mwanachama imeripoti gari limeibwa na halijapatikana, au ilishawahi kulihesabu kuwa limeharibika kabisa. Halafu lipa dola chache kwa mmoja wa wauzaji walioidhinishwa wa ripoti za NMVTIS. Hiyo ni hifadhi ya taarifa za taito ya nchi nzima, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 ya kupambana na wizi wa magari, na tangu mwaka 2009 kampuni za bima na wauza magari chakavu wanalazimika kupeleka taarifa zao huko. Utaona gari limekuwa na taito katika majimbo gani, na kama lilishaandikwa ni la mafuriko au la kuvunjwa. Kwa gari la Houston hilo si jambo dogo. Mwaka 2017 kimbunga Harvey kilizamisha magari mengi mno mjini humo, na gari lililozama linaweza kusafishwa likang'aa huku nyaya zake zinaoza. Inua kapeti chini ya kiti cha dereva unuse.

Lakini usione ripoti safi ukatulia. Hizo zote mbili hazikuonyeshi rehani, na rehani ndiyo iliyoniumiza mimi.

Maili za dashibodi usizitegemee. Sheria ya nchi inayomtaka muuzaji aandike na kutia sahihi idadi ya maili haiyagusi tena magari ya modeli ya 2010 kurudi nyuma. Mpe fundi alipime gari lenyewe.

Sitaki nikufanye uone kila gari lisilo na taito ni la mwizi. Mengine ni ya wazee waliofariki, yamekaa gereji miaka, na watoto wao hawajui karatasi ziliwekwa wapi. Kama muuzaji wako anauza gari la baba yake marehemu, muulize kama mirathi ilifunguliwa mahakamani. Kama haikufunguliwa, Texas ipo fomu ya kiapo cha warithi, VTR-262, ambayo warithi wote wanatia sahihi mbele ya mthibitishaji. Wote, si yule mmoja anayehitaji pesa haraka. Nimeona familia zikigombana kwa gari ambalo ndugu mmoja aliliuza peke yake, na mnunuzi akawa katikati ya msiba usiomhusu.

Na ikiwa umelipenda mno, na mwenyewe hapatikani kabisa, ipo njia ya taito yenye dhamana. Kwa Texas lazima uwe mkazi, gari liwe tayari mikononi mwako, liwe zima lenye fremu, bodi na injini, lisiwe na kesi, lisiwe limetelekezwa. Unapeleka fomu VTR-130-SOF na dola 15 ofisi ya kanda pamoja na ushahidi wako wa kununua. Wakikubali, wanakupa barua inayotaja kiasi cha dhamana, ambacho ni thamani ya gari mara moja na nusu. Hulipi kiasi chote. Unaenda kwa kampuni inayouza dhamana, na kwa gari la bei ndogo ada yake mara nyingi ni karibu dola 100. Ndipo unakwenda ofisi ya kaunti. Dhamana inakaa miaka mitatu, na ndani ya muda huo mwenye gari wa kweli akijitokeza anaweza kuidai. Kampuni ikimlipa, itakugeukia wewe uirudishie. Na kama kumbukumbu zinaonyesha rehani ambayo haijatimiza miaka kumi, watakutaka kwanza ulete barua ya mdai kwamba amefuta deni.

Umeona tatizo lake? Lazima ununue kwanza ndipo uombe. Ukikataliwa pesa zimeshakwenda. Kwa gari adimu ambalo mtu amelitafuta miaka kumi naelewa mtu akijaribu. Camry za miaka ile zimejaa Houston, na nyingi zina karatasi zake. Mimi nisingejaribu kwa dola 2,200, na sikushauri ujaribu.

Habari ya Vermont rafiki yako ameisikia, ila imepitwa na wakati. Kweli kwa miaka mingi jimbo lile halikudai taito kwa gari lililozidi miaka 15, na watu wa majimbo mengine walikuwa wakituma karatasi ya mauziano kwa posta wakapata usajili. Mwaka 2023 wakaifunga njia hiyo kwa wasio wakazi. Hata ilipokuwa wazi haikusafisha wizi wala kufuta rehani. Ilikupa karatasi tu. Kuna majimbo ambayo taito haikuwahi kutolewa kwa magari ya zamani sana, kwa mfano New York kwa modeli ya 1972 kurudi nyuma, na huko usajili ndio unaohesabika. Gari lako la 1999 liko Texas, na Texas linadaiwa taito.

Ukifika siku ya kulipa, lipia ndani ya ofisi ya kodi ya kaunti, muuzaji akiwa amesimama ubavuni mwako. Jina kwenye kitambulisho chake lifanane na la kwenye taito, herufi kwa herufi. Jazeni pamoja mezani fomu 130-U, ile ya kuomba taito kwa jina lako. Utalipa kodi ya mauzo asilimia 6.25 na ada ya taito dola 28 au 33 kulingana na kaunti, kwa hiyo zitenge usije ukaishiwa hapo dirishani. Karani akishapokea karatasi, ndipo bahasha itoke mfukoni. Na hata dola 50 za "kulishikilia" usimwachie kabla ya hapo. Mimi niliacha 200, na zile 200 ndizo zilizonifanya nishindwe kurudi nyuma nilipoanza kuona dalili.

Nimekuwekea dola 600. Nilikuwa nazo kwa ajili ya tiketi, lakini safari imesogea hadi Desemba. Ongeza kwenye zako, utapata gari lenye hati, na ukinitumia jina la fundi nitamlipa mimi alikague.

Mpigie muuzaji leo. Mtajie ofisi ya kanda na dola 5.45, kisha nyamaza umsikilize. Ukishapata jibu lake nipigie, hata kama ni usiku. Kesho sina zamu.

Mama yako