Mwanangu, makarani wa forodha nao huandika vitabu

Babaangu, salaam nyingi kutoka huku Chumbageni, Tanga. Ile voisi yako ya juzi nimeisikiliza mara tatu, mara ya kwanza nilikuwa sokoni Ngamiani sikuipata vizuri, ya pili nikacheka, ya tatu nikanyamaza. Nakurudishia maneno yako yaleyale usije ukayakana: "Mama, dirisha la udahili linakaribia kufungwa, mi moyo wangu uko kwenye fasihi ya Kiingereza na ya Kimarekani, lakini we mwenyewe uliisoma Mlimani miaka mitatu ukaishia kugonga mihuri bandarini, sasa ilikusaidia nini? Alafu kwa nini tukasome vya kwao?" Maswali mawili, na lile la kwanza umelichomeka kama mtu anayepita njia tu lakini limeniingia. Nakuandikia maana voisi siziwezi, nikianza kuongea nasahau nilikotoka, na mjomba wako akiwa karibu anadakia.

Kwanza nikusahihishe. Mihuri sikugonga, mihuri wanagonga watu wa forodha, mi nilikuwa upande wa wakala, kazi yangu kusoma makaratasi ya mzigo kabla hayajafika kwa huyo mwenye muhuri. BL yaani ile hati ya kusafirishia mzigo kwa meli, manifesti yaani orodha ya mizigo yote melini, invoisi, makaratasi ya bima. Enzi zetu meli kubwa zilikuwa zinatia nanga nje huko, haziji gatini maana kina hakitoshi, mzigo unashushwa kwenye matishari ndo unaletwa pole pole, kwa hiyo mzigo hujauona kwa macho lakini umeshausoma. We unadhani nilijifunza wapi kukaa na karatasi kavu za kurasa sita nikajua neno gani limefichwa wapi? Ni kwenye semina pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tumekaa watu kama kumi na wawili, shairi moja la mistari 14, masaa mawili mazima, mwalimu hatufundishi kitu anauliza tu, nani anasema hapa, anamwambia nani, anataka nini kwake. Tulikuwa tunamsema pembeni kwamba hajajiandaa.

Basi kuna siku ukaja mzigo wa mashine, mwenyewe simtaji, karatasi moja inasema mashine iliyotumika, karatasi ya pili ya mzigo huohuo inasema mashine iliyofanyiwa matengenezo, wenzangu wote wamepita hapo hawakuona kitu. Mi nikasema hapana, hizi hajaandika mtu mmoja, huyu wa pili anaandika kama mtu anayejitetea na hakuna aliyemuuliza. Wakafungua, kweli, kilichomo ni kingine. Bosi akaniuliza umejuaje, nikamwambia nimejua kwa Shakespeare, akadhani namfanyia mzaha.

Sasa tuje kwenye hilo neno lako la "kuishia". Kaa vizuri.

Huyo Chaucer mtakayekutana naye mapema kabisa, yule wa hadithi za mahujaji wanaokwenda Canterbury, alikuwa mtu wa forodha. Mwaka 1374 alipewa kazi ya kuangalia hesabu za ushuru wa sufu na ngozi bandari ya London, tena kwa sharti kwamba daftari aandike kwa mkono wake mwenyewe, na hiyo kazi kaifanya miaka kama 12. Robert Burns, mshairi wa Waskoti, alikuwa afisa wa ushuru, juu ya farasi kutwa anafukuzana na magendo. Herman Melville aliandika kitabu cha nyangumi mweupe, Moby-Dick, 1851, watu hawakukitaka, na mpaka anakufa 1891 nakala zilizouzwa zilikuwa elfu tatu na kitu. Akala nini? Akaenda kuwa mkaguzi wa forodha bandari ya New York, kwa dola 4 kwa siku, miaka 19. Miaka 19 babaangu, anapanda meli anashuka meli, anakagua mizigo ya watu, alafu alipoacha kazi akakaa nyumbani anaandika kitabu kingine ambacho kilikuja kuchapwa 1924 mwenyewe ameshazikwa zamani.

Na wa kwetu je? Shaaban Robert, mtoto wa Vibambani pale Machui, ambaye kaburi lake ukitoka hapa nyumbani unafika kabla chai haijapoa kwenye chupa, alikuwa karani wa forodha kuanzia 1926 mpaka 1944. Huyo chuo kikuu hakukiona. Lakini Kiingereza chake cha shule kilitosha kumsoma FitzGerald, Mwingereza aliyetafsiri mashairi ya Mwajemi Omar Khayyam, na kumgeuza yule Mwajemi akaongea Kiswahili.

Kwa hiyo usiniambie nimeishia forodhani, foleni niliyosimama ina watu. Tofauti yetu wenzangu waliandika na mi sijaandika, hilo nakubali na linaniuma, tuliache.

Wa mwisho nimemweka makusudi nimweleze kwa kirefu maana ndo jibu la swali lako la pili. Nathaniel Hawthorne. Huyu alikuwa forodhani Salem, mji mdogo wa bandari jimbo la Massachusetts, kuanzia 1846 mpaka 1849, chama kilichomweka kikashindwa uchaguzi naye akatolewa, akaenda nyumbani akaandika The Scarlet Letter, ikatoka 1850. Kitabu kinaanza na maelezo marefu ya ile ofisi, na wanafunzi wengi wanayaruka, we usiruke. Anawaeleza wazee wa ofisini pale, viti vimeegemezwa ukutani kwa miguu ya nyuma, wanaongea sauti ambayo hujui ni maneno au ni mkoromo. Nilivyosoma mara ya kwanza hostel niliona tu ni vichekesho. Nilivyosoma mara ya pili nilikuwa na miaka 31, nimetoka kusubiri saini asubuhi nzima kwenye ofisi ambayo sitaitaja, nikalia machozi kwa kucheka.

Ila si hilo. Humo humo anasema asubuhi nyingine zinaingia meli tatu nne kwa mpigo, na mara nyingi zimetoka Afrika au Amerika ya Kusini. Nilipita hapo kama ulivyopita we hapa. Afrika gani? Bwana, ni hapa! Meli za Salem zilikuwa zinakuja Zanzibar, konseli wa kwanza wa Marekani Unguja, 1837, ametoka mji huohuo wa Salem. Walikuwa wanabeba pembe, ngozi, na sandarusi iliyochimbwa huku bara kwetu, wakienda kuitengenezea vanishi ya kupaka samani zao. Na kilichokuja huku ni nini? Kitambaa. Marekani. Bibi yako ukimwambia marekani hafikirii nchi, anafikiria lile jora zito la kitambaa alilokuwa anashonea foronya. Pamba imechumwa na watumwa kusini mwa Marekani, imefumwa kwenye viwanda vya Massachusetts, imepakiwa Salem, imeshuka Unguja, ikavushwa huku mrima, Pangani, Bagamoyo, ikaenda bara vichwani mwa wapagazi. Na miaka hiyohiyo, 1845, pale Boston karibu kabisa na Salem, Frederick Douglass aliyezaliwa mtumwa Maryland na kutoroka anachapa maisha yake, anaeleza jinsi bibi wa nyumba alivyoanza kumfundisha herufi, mume akamkataza, na yeye akaanza kuwapa watoto wa kizungu mitaani mikate ili wamfundishe kusoma.

Sasa vya kwao ni vipi na vya kwetu ni vipi? Mi nikisoma Hawthorne naona mzigo wetu uko kwenye ghala lake na yeye hausemi, kautaja kwa neno moja tu akaendelea na wazee wake wanaokoroma. Mwanafunzi wa Boston hilo neno hataliona, atalionaje, bibi yake hakushona foronya za marekani. Utaliona we. Ndo maana nataka uende.

Mjomba wako anasema vitabu vya wazungu vinapoteza watoto. Mwambie mkonge aliolima miaka yote ile, uliomjengea nyumba, mbegu yake ilitoka Florida, ililetwa 1893, vipando elfu moja vilivyofika hai 62 tu, vikapandwa upande wa Pangani, na leo hakuna mtu wa Tanga anauita mkonge wa Marekani. Akisema tena kwamba kusoma hadithi si elimu, mwambie hata Oxford walibishana hivyohivyo, wakaja kuikubali fasihi ya lugha yao kuwa somo la digrii 1894, kabla ya hapo walioheshimika ni wa Kigiriki na Kilatini. Ila mwambie kwa adabu, ni mjomba wako, tena ukipata nafasi ndo atakayekupa nauli.

Na usiende mikono mitupu. Hili nalisema kwa uchungu maana mi nilikwenda mikono mitupu, nilidhani natakiwa nivue Kiswahili mlangoni kama viatu msikitini. Mwaka wa tatu ndo akili ikafunguka, tulipopewa kuandika juu ya tafsiri za Mwalimu Nyerere. Rais wa nchi, nchi ndo kwanza changa, anakaa anatafsiri Shakespeare, ile tamthilia ya Julius Caesar 1963 na Mabepari wa Venisi 1969. Angalia hilo jina la pili. Kwa Shakespeare ni mfanyabiashara mmoja, wa kawaida tu. Kwa Mwalimu ni mabepari, wengi, na neno lenyewe mwaka 1969 lilikuwa na moto wake, miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha. Hujafungua kitabu, jalada limeshabishana na mwenye kitabu. Niliandika kurasa 11 juu ya hilo neno moja na ile ndo karatasi pekee ya chuo niliyoitunza.

Lingine nimeligundua juzijuzi nimestaafu, nina muda. Emily Dickinson wa Massachusetts kaandika mashairi karibu 1,800, yaliyochapwa akiwa hai kama kumi tu, mengine alikuwa anayanakili vizuri kwenye karatasi na kuzishona kwa uzi vijitabu vidogo anaweka ndani. Kuanza kuvishona ni 1858. Na mwaka huohuo 1858, Mwana Kupona, mwanamke wa Pate, anamtungia binti yake utenzi. Wanawake wawili ndani ya nyumba, kila mmoja upande wake wa dunia, hawajuani na wasingejuana. Sina maana yoyote ya kukupa hapo, nimekaa nalo tu. Labda we utaandika kitu.

Ya Ngũgĩ, yule mwandishi wa Kenya, na wenzake kutaka idara ya Kiingereza ya chuo kikuu Nairobi ifutwe 1968, na Gurnah wetu wa Unguja kufundisha chuo cha Kent huko Uingereza, na baadaye akachukua Nobel ya fasihi 2021, hayo mtafundishwa na mtabishana sana kantini, sina haja ya kuyarefusha.

Sasa maneno makavu. Fasihi yenyewe haitakulisha, isije ikawa nimekudanganya na hao makarani wangu, wao pia haikuwalisha, wamelishwa na ushuru. Ukimaliza utatafuta kazi ambayo kwenye tangazo lake neno fasihi halipo na utakasirika kama nilivyokasirika, mi nilikaa mwaka na nusu nyumbani kwa bibi yako nauza barafu. Kama unajiona darasani unafundisha sekondari basi usiombe fasihi tupu, omba ile ya ualimu yenye Kiingereza ndani yake, utasoma vitabu vilevile na cheti cha kufundishia unacho, usiwe mbishi kwa sababu ya jina la kozi tu. Mkopo omba mapema, vyeti vya kuzaliwa vihakiki wiki hii usisubiri mtandao uzidiwe siku ya mwisho. Bumu, ile pesa ya mkopo ya kujikimu, likitoka usinunue simu. Na vitabu ni virefu, babaangu, we unasoma kwa kurukaruka nakujua, huyo Melville ana sura nzima ya aina za nyangumi, ukitaka kumtupa mtupe, alafu mwokote kesho yake.

Nakala yangu ya Moby-Dick iko kwenye sanduku la bati la bibi yako, chini ya zile kanga, nitaituma kwa basi la Jumatano, mpigie kondakta nitakupa namba. Kurasa za mwisho mchwa wamezila, kwa hiyo nani alipona kwenye ile meli itabidi umtafute mwenyewe maktaba.

Mama yako.